Kikaragosi kile kiliitwaje? Kutafuta kipindi cha utotoni pwani ya Mtwara

Maswali mengi yanayotufikia kutoka Mtwara yanahusu korosho, gesi na barabara. Lipo jingine linalokuja mara chache, lakini kila likija huwa na umbo lilelile: "Nilipokuwa mdogo niliona kwenye televisheni kipindi cha watoto chenye vikaragosi. Nadhani kilikuwa cha Waingereza. Jina silikumbuki. Mnaweza kunisaidia?" Anayeuliza hukumbuka vitu viwili vitatu tu: rangi ya kikaragosi, mlio wa wimbo wa kuanzia, sauti ya mzee anayesimulia. Baada ya hapo kumbukumbu inakatika.

Ni swali dogo kwa kulitazama. Katika makala hii tunaeleza namna ya kulijibu, kwa kupunguza majina hatua kwa hatua mpaka yabaki machache. Tunaeleza pia kwa nini mtu aliyekulia Manchester anaweza kupata jibu kwa dakika chache, wakati aliyekulia Mikindani au Msimbati anaweza kulibeba swali lake maisha yote. Watu wa sehemu hizo mbili hawapishani kwa uwezo wa kukumbuka. Wanapishana kwa kile kilichotunzwa na waliokuja kabla yao.

Anza na mwaka

Jambo la kwanza la kujiuliza ni umri. Ulikuwa na miaka mingapi ulipokiona kipindi hicho, na huo ulikuwa mwaka gani?

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa miaka mingi baada ya uhuru serikali iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, na fedha zilizokuwapo za utangazaji zikaelekezwa kwenye redio. Zanzibar ilichukua njia nyingine. Televisheni yake ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, wakati sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikuwa nayo. Bara ilingoja miongo miwili. Mwaka 1994 ndipo ITV ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, na televisheni ya taifa, ambayo sasa tunaijua kama TBC1, ikafuata miaka michache baadaye.

Kwa hiyo mtu anayesema aliona vikaragosi vya Waingereza mwaka 1985 akiwa Mtwara hakuviona kwenye matangazo ya kituo cha Bara. Yanabaki mawili. Huenda wakati huo alikuwa mahali pengine, kwa mfano Unguja, au nje ya nchi kwa wazazi waliokuwa masomoni au kazini. Huenda pia aliviona kwenye kanda ya video. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, deki na kanda zilianza kuingia nchini kwa wingi zaidi, nyingine zikiwa ndani ya mabegi ya ndugu waliotoka Ulaya na Uarabuni.

Hata baada ya mwaka 1994, nchi kuwa na televisheni hakukumaanisha Mtwara kuwa nayo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua kubwa zikinyesha kusini ilikuwa kama imekatwa na nchi. Umeme wa mji ulitegemea majenereta ya dizeli mpaka gesi ya Ghuba ya Mnazi, ambayo iligunduliwa mwaka 1982, ilipoanza kuzalisha umeme katika miaka ya 2000. Vijiji vya maingilio ya mto Ruvuma vilikuwa na hali ngumu kuliko mji.

Ndiyo maana wengi waliokuwa watoto Mtwara katika miaka ya 1990 waliona vipindi vya kigeni kwenye kibanda cha video, au nyumbani kwa mtu aliyekuwa na jenereta na dishi. Jambo hilo lina maana kubwa kwa anayetafuta jina. Matangazo ya kituo yana tarehe, saa na ratiba. Kanda haina. Kanda ilirekodiwa na mtu asiyejulikana, ikarekodiwa tena juu ya kitu kingine, ikapita mikono mingi, na maandishi ya kalamu juu yake huenda yalikuwa ya sinema iliyofutwa zamani. Kinachopotea kwanza kwenye kanda ya namna hiyo ni mwanzo na mwisho wa kipindi. Na jina la kipindi huandikwa mwanzoni na mwishoni. Mtoto aliyeona katikati tu hakusahau jina, hakuwahi kulipata.

Kikaragosi cha aina gani?

Neno "kikaragosi" lenyewe lina safari ndefu. Linahusishwa na Karagöz, mhusika maarufu wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambaye jina lake lilisambaa katika nchi za Waarabu. Kwa Kiswahili cha leo tunaliita kikaragosi karibu kila kiumbe cha kutengenezwa kinachosogea na kusema. Kwa anayetafuta jina la kipindi, upana huo ni tatizo, kwa sababu vipindi vya Uingereza vilitumia njia mbalimbali, na njia iliyotumika huweza kukuonyesha mwaka.

Kama unakumbuka dubu mdogo wa manjano anayevaliwa mkononi, anayenong'ona sikioni mwa mtu lakini haongei, huyo ni Sooty. Harry Corbett alimnunua Blackpool mwaka 1948 na wakaonekana BBC mwaka 1952. Kama unakumbuka vikaragosi vya nyuzi vinavyoishi ndani ya vyungu vya maua na kusema lugha isiyoeleweka, hao ni Bill na Ben, nao walianza mwaka 1952. Kama ni vikaragosi vya nyuzi lakini vyenye roketi, ndege za uokoaji na milipuko, basi ni Thunderbirds ya Gerry Anderson, iliyoanza mwaka 1965.

Aina ya pili si ya nyuzi wala ya mkono. Kinyago kidogo kinawekwa mezani, kinapigwa picha, kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha tena, mpaka zikiunganishwa kionekane kinatembea. Hapo ndipo wanapoingia The Clangers wa mwaka 1969, viumbe wa rangi ya waridi waliofumwa kwa sufi, wanaoishi kwenye sayari ndogo na kuzungumza kwa miluzi. Wanaingia pia The Wombles wa mwaka 1973, wanaookota takataka na kuzitumia upya. Yumo Bagpuss wa mwaka 1974, paka wa kitambaa mwenye mistari, ambaye vipindi vyake vilikuwa 13 tu. Yumo Postman Pat wa mwaka 1981, tarishi mwenye gari jekundu na paka mweusi na mweupe.

Kwa mtoto wa pwani ya kusini ambaye hakujua Kiingereza, dalili hizi za sauti ni muhimu kuliko maneno. Wanaotuuliza mara nyingi husema, "Walikuwa hawasemi lugha yoyote." Wakitaja miluzi, tunaelekea kwa Clangers. Wakitaja pengwini wa udongo wa kufinyanga anayebweka kwa hasira, huyo ni Pingu. Hapa mtego wa kwanza unanasa wengi, kwa sababu Pingu alianzia Uswisi, ingawa baadaye kampuni ya Uingereza ndiyo iliyoendelea kumtengeneza.

Mtego wa pili ni kinyume chake. The Muppet Show, pamoja na yule chura wa kijani Kermit, huaminiwa na karibu kila mtu kuwa kipindi cha Marekani. Waliowabuni vikaragosi hao ni Wamarekani, kweli, lakini kipindi kilirekodiwa Uingereza, katika studio za Elstree karibu na London, kati ya mwaka 1976 na 1981. Anayesema alimwona Kermit kwenye kipindi cha Waingereza anaweza kuwa sahihi kuliko wanaomcheka.

Lugha uliyosikia

Baada ya mwaka na aina ya kikaragosi, swali la tatu ni la lugha. Kama kikaragosi chako kilizungumza Kiswahili, huenda hakikuwa cha Uingereza kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa na kipindi chake, Kilimani Sesame, kilichotokana na Sesame Street ya Marekani. Vikaragosi vyake vilifundisha herufi, hesabu, usafi na kujikinga na malaria. Miongoni mwao alikuwapo Kami, kikaragosi wa manjano anayeishi na virusi vya UKIMWI, aliyeanzia Afrika Kusini mwaka 2002. Kilimani Sesame haikuwa ya televisheni peke yake. Ilikuwa na vitabu, na ilikuwa na matangazo ya redio. Hili nalo linaeleza kumbukumbu nyingine ya ajabu tunayokutana nayo: mtu anakumbuka sauti na tabia ya kikaragosi, lakini sura yake kila akiisimulia inabadilika. Kama nyumbani kulikuwa na redio tu, sura hiyo aliichora mwenyewe kichwani.

Kuna sababu nyingine ya kukumbuka Kiswahili mahali ambapo hakikuwapo. Katika vibanda vya video, filamu za kigeni zilikuja na sauti ya msimulizi aliyezieleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya awali. Wasimulizi kama Lufufu na DJ Mack wakawa mashuhuri kuliko waigizaji waliokuwa wakiwatafsiri. Mtoto aliyekua na desturi hiyo anaweza, akiwa mtu mzima, kukumbuka Kiswahili hata kwenye kipindi ambacho jirani au kaka yake ndiye aliyekuwa akimweleza kinachoendelea.

Kama vikaragosi vyako vilikuwa na nyuso za marais na mawaziri, basi hakikuwa kipindi cha watoto. Hiyo ni The XYZ Show ya Kenya, iliyoanza mwaka 2009. Mwanzilishi wake ni mchora katuni Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam. Uingereza imo hapo kwa njia ya mbali: kabla ya XYZ kulikuwa na Spitting Image, kipindi cha Waingereza cha miaka ya 1980 na 1990 kilichowafanyia viongozi wao mzaha wa namna hiyo, na kingine kama hicho nchini Ufaransa.

Na kama ulichokiona kilikuwa katuni za wasichana na wavulana wanaoimba hesabu na sayansi kwa Kiswahili, hicho ni Ubongo Kids, kilichoanza kuonekana TBC1 mwaka 2014. Watengenezaji wake wapo Dar es Salaam, na ndio waliotengeneza pia Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi.

Cha Waingereza, lakini jina la kusini

Kuna kipindi kimoja cha watoto cha Uingereza ambacho kila mtu wa ukanda wa Ruvuma anapaswa kukijua. Wengi wamekiona bila kujua kinawahusu vipi.

Wanaokikumbuka nusu hueleza hivi: wanyama wanaoongea, wamechorwa kwa rangi kali na madoadoa, na kila hadithi inajibu swali, kama vile kwa nini mnyama fulani ana mkonga au madoa. Kipindi hicho ni Tinga Tinga Tales. Kilitengenezwa na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect na kuanza kuonyeshwa kwenye CBeebies, chaneli ya BBC ya watoto wadogo, mwaka 2010. Kazi ya kuchora na kuhuisha picha ilifanyika Nairobi, katika studio za Homeboyz, na muziki ulihusisha mwanamuziki wa Kenya Eric Wainaina. Si vikaragosi, ni katuni, lakini kwa aliyekiona akiwa na miaka minne tofauti hiyo haina uzito.

Jina la kipindi limetokana na mtindo wa uchoraji, na mtindo huo umetokana na mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika bonde la mto uleule unaomwaga maji yake baharini kusini ya Msimbati. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati huo, aliondoka kwao kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya ubao mgumu kwa rangi za mafuta za bei nafuu, zile za kupakia baiskeli, na kuuza kwa wapita njia wa Oysterbay. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Wanafunzi na ndugu zake waliendeleza kazi, na ushirika wao wa wasanii upo mpaka leo jijini Dar es Salaam.

Miaka 38 baada ya kifo chake, watoto wa Uingereza wakawa wanalitamka jina lake asubuhi kabla ya kwenda shule ya awali. Mtoto wa Tunduru au Nanyumbu aliyekiona kipindi hicho kwenye king'amuzi anaweza kudhani ni cha kizungu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenye kumbukumbu nusu hupoteza kitu hapa. Anapoteza habari kwamba jina lile ni la mtu wa kwao.

Kinyago kilichorudi

Watoto wa pwani hii hawakusubiri televisheni ili waone kiumbe wa kutengenezwa akicheza. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wana mapiko, ngoma ambayo mchezaji huvaa kichwani kinyago kinachoitwa lipiko na kujifunika mwili wote kwa nguo. Mwiko wake ulikuwa kwamba mtoto ambaye hajapita jandoni asijue kuna mtu ndani. Alichokiona mtoto ni lipiko, naye alikimbia. Mjini Mtwara sanaa hizi bado huonekana hadharani, likiwamo tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao.

Kinyago kimoja cha namna hiyo kinatupa somo kuhusu kutambua vitu vilivyopotea. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na kuishia katika makumbusho ya binafsi ya Barbier-Mueller mjini Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kitaliano, Enrico Castelli, alikitambua kuwa ni miongoni mwa vitu vilivyoibwa Tanzania. Mazungumzo yalichukua miaka 20, na mwezi Mei 2010 Tanzania ilikabidhiwa kinyago chake.

Kumbukumbu ya mtu mmoja isingetosha kukirudisha. Ilibidi kuwe na mahali pa kulinganisha alichokiona Geneva na kilichokosekana Dar es Salaam. Bila hilo kingebaki kuwa "kinyago cha Afrika Mashariki" ndani ya kabati la kioo, kama vile kikaragosi cha utotoni kinavyobaki kuwa "kile cha manjano".

Waingereza nao walifuta

Itakuwa makosa kudhani kwamba Waingereza wana majibu kwa sababu hawakupoteza chochote. Walipoteza sana. Vipindi vingi vya mwanzo vya BBC vilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa. Katika miaka ya 1960 na 1970, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali, BBC ilizifuta nyingi ili zitumike tena. Vipindi vingi vya tamthilia maarufu ya Doctor Who viliondoka kwa njia hiyo.

Vingine vilirudi kutoka Afrika. BBC ilikuwa imeviuzia vituo vya nchi mbalimbali nakala za filamu, na si zote zilirudishwa au kuharibiwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya Doctor Who vilivyokuwa vimetoweka vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Rafu ya kituo cha Afrika ilikuwa imehifadhi sehemu ya utoto wa Waingereza ambayo wenyewe waliitupa.

Hata pale kanda ilipofutwa, Waingereza walibakiwa na orodha. Jarida la Radio Times limekuwa likichapisha ratiba za BBC tangu mwaka 1923, na mwaka 2014 BBC iliweka mtandaoni ratiba hizo za miaka zaidi ya 80. Anayekumbuka kwamba alikuwa nyumbani mgonjwa mchana mmoja wa mwaka 1967 anaweza kuangalia nini kilionyeshwa saa hiyo. Kipindi huenda hakipo tena, lakini jina lipo.

Kwetu upotevu ulianza mapema na haukuacha orodha ya kutosha. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu uliokuwa na makao yake Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika na kuzizungusha kwa gari Afrika Mashariki na Kati. Watanganyika walionekana humo, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotumika. Zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo zinatunzwa London. Katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, mwana wa kusini aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu. Wapo wazee wanaosema walimwona kwenye kitambaa cheupe uwanjani. Mjukuu akitaka kuiona filamu hiyo leo, hana mlango wa karibu wa kubisha.

Kwa nini ni suala la leo

Mtu anaweza kuuliza kama mkoa wenye mahitaji ya madarasa na zahanati unapaswa kujali vikaragosi. Tunadhani unapaswa, kwa sababu tatu.

Kwanza, vipindi hivi vilifanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Kilimani Sesame, uliohusisha watoto zaidi ya 200 nchini, ulionyesha kwamba waliokifuatilia zaidi walipata maendeleo katika kusoma na hesabu na katika uelewa wa afya, ikiwamo malaria. Ugonjwa huo ungali tishio kwa watoto wa mikoa ya kusini. Kipindi kikiisha na nakala zake zisipatikane kwa urahisi, kizazi kinachofuata kinaanza upya, kwa fedha mpya za wafadhili, kama kwamba hakuna aliyewahi kujaribu.

Pili, watoto wa sasa wanaangalia zaidi kuliko wazazi wao. Simu moja ya mama kwenye kijiji cha mwambao inaweza kuonyesha katuni za nchi kumi kwa siku moja. Nyingi hazina jina analoweza kulisoma mtoto, na zinatoweka mwenye chaneli akizifuta. Kizazi hiki kitakuwa na maswali mengi kuliko kilichotangulia, na dalili zake zitakuwa chache zaidi.

Tatu, utunzaji wa orodha ni wa bei ndogo. Kuhifadhi maelfu ya kanda kunahitaji vyumba vyenye ubaridi, mitambo ya zamani na mafundi. Kuhifadhi ratiba kunahitaji daftari au kompyuta moja na mtu wa kuijaza: jina la kipindi, tarehe, lugha, mtengenezaji. Kituo chochote cha redio au televisheni, hata kidogo cha mkoa, kinaweza kuanza leo. Kitabu kikichapishwa nchini, sheria inataka nakala ipelekwe Maktaba ya Taifa. Kipindi cha watoto nacho kinastahili walau mstari mmoja wa kumbukumbu mahali ambapo mwananchi anaweza kwenda kuuliza.

Ukitaka kukitafuta chako

Kwa anayeendelea kutafuta, ushauri wetu ni huu. Andika kwanza unachokumbuka kabla hujamuuliza mtu wala kuangalia picha yoyote. Kumbukumbu ya utotoni hubadilika haraka; ukionyeshwa picha ya kikaragosi kingine, kesho utaapa ndicho ulichokiona.

Kisha andika mambo matano: ulikuwa wapi, mwaka gani, nani alikuwa na televisheni au deki, lugha gani ilisikika, na kikaragosi kilisogea vipi. Muulize ndugu aliyekuwa nawe, kila mmoja peke yake, na msipatane majibu kabla. Mnapokubaliana bila kusemezana, mna jambo la kweli mkononi.

Kama ulikiona kwenye kituo cha Tanzania baada ya mwaka 1994, tafuta magazeti ya wakati huo, kwa kuwa baadhi yalichapisha ratiba za televisheni. Maktaba ya Taifa, na mkusanyo wa East Africana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mahali pa kuanzia. Kama ulikiona kwenye kanda, mtafute mwenye kanda. Deki nyingi zimekufa, lakini kanda zenyewe bado zipo chini ya vitanda na juu ya makabati huko Shangani, Ligula na Mikindani, zikiliwa na ukungu wa hewa ya bahari. Usiitupe kabla ya kujua ina nini. Iweke pakavu, isimamishe wima, na usiichezeshe kwenye mashine chakavu, maana mashine mbovu hula kanda.

Inawezekana utagundua kwamba kipindi chako kilikuwa Bagpuss, au Pingu, au Kilimani Sesame uliyoisikia redioni. Inawezekana pia kwamba ndani ya kanda hiyohiyo, baada ya vikaragosi vya Waingereza kuisha, kuna dakika chache za harusi ya shangazi mwaka 1996, ngoma ya mapiko uwanjani, au taarifa ya habari ambayo hakuna kituo kilichobaki nayo. Hizo nazo ziandike, na uweke tarehe.